Jino na Pengo Lake: Kumbukumbu za Mishamo

Wahenga walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na karibu kila mara ilitumiwa juu ya mambo mengine: mke aliyefariki, nyumba iliyoungua, nchi iliyoachwa nyuma. Ni mara chache sana niliisikia ikitajwa juu ya jino lenyewe. Hata hivyo jino lenyewe lina historia inayostahili kuandikwa, hasa kwetu sisi tuliokulia Mishamo, ambako kung'oa jino hakukuwa jambo dogo hata kidogo.

Wanahistoria huandika habari za wafalme, vita na mikataba. Hilo ni sawa, maana mambo hayo ndiyo yaliyotufikisha hapa tulipo. Lakini mtu aliyekesha usiku kucha ameshika shavu hawazi habari za wafalme. Anawaza jambo moja tu: nani atanitoa jino hili, na kwa chombo gani? Jibu la swali hilo hubadilika zama hata zama na mahali hata mahali, na ukilifuatilia utajifunza mengi juu ya watu, barabara zao, sheria zao na uhuru wao. Kwa sababu hiyo, ndugu msomaji, nakuomba univumilie nikueleze habari za magego.

Kwa wasiopafahamu, Mishamo ni makazi yaliyo katika misitu ya miombo, katika ile iliyokuwa wilaya ya Mpanda, mkoa wa Rukwa. Tangu mwaka 2012 eneo hilo limo katika mkoa mpya wa Katavi. Waliolifyeka pori hilo na kulifanya vijiji ni wakimbizi kutoka Burundi. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa nchini humo, ambayo Warundi huyaita ikiza. Makadirio ya waliouawa ni kati ya watu 100,000 na 200,000, na wengine husema zaidi ya hapo. Maelfu kwa maelfu walivuka mpaka na kuingia Tanzania. Serikali iliwapokea, ikawapa ardhi Katumba huko Mpanda na Ulyankulu huko Tabora. Ulyankulu ilipojaa na maji yakawa hayatoshi, watu wengi walihamishwa tena, na kuanzia mwaka 1978 malori yakaanza kuwaleta Mishamo.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka sita tulipovuka mpaka, na kumi na tatu tuliposhushwa Mishamo. Tulikuta pori, mbung'o na nyuki. Kazi ya kuyajenga makazi ilifanywa kwa ushirikiano wa serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na lile shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi ambalo kwa kifupi liliitwa TCRS. Baada ya miaka michache tulikuwa tunauza mahindi, maharage na tumbaku. Mwaka 1985 makazi yalikabidhiwa rasmi mikononi mwa serikali, wakati huo yakiwa na wakazi kadiri ya 35,000 katika vijiji 16. Mtafiti Liisa Malkki, aliyeishi kati yetu katika miaka hiyo, aliandika baadaye kitabu kinachosomwa hadi leo katika vyuo vikuu vingi, kilichotolewa mwaka 1995. Humo alieleza jinsi wakazi wa Mishamo walivyoisimulia historia yao, na jinsi mwili wa binadamu ulivyokuwa katika masimulizi hayo kama kitabu cha kusomwa na adui. Nilipokisoma nikiwa mtu mzima niliona kwamba ni kweli wazee wetu walizungumza sana juu ya mwili. Lakini walizungumza pia juu ya mwili kwa namna ya kawaida kabisa: mgongo unaouma, homa ya mtoto, na jino.

Jambo moja sharti lieleweke kabla sijaendelea. Chini ya sheria ya wakimbizi ya mwaka 1965, mkimbizi aliishi pale alipopangiwa. Akitaka kutoka nje ya makazi ilimpasa awe na kibali. Kwa hiyo kwenda Mpanda mjini haikuwa suala la nauli peke yake. Ulihitaji sababu, ulihitaji karatasi, kisha ulihitaji lori. Mtu mwenye malaria kali alionewa huruma na kila mtu. Mtu mwenye jino aliambiwa, "Ni jino tu." Maneno hayo mawili matatu ninayaogopa hadi leo, na nitaeleza sababu.

Kijijini kwetu alikuwepo mzee mmoja fundi baiskeli. Huyo ndiye aliyekuwa daktari wetu wa meno. Chombo chake kilikuwa praisi, ile ile aliyokazia spoku, ambayo aliichovya katika maji ya moto kabla ya kazi. Mgonjwa aliketi juu ya kigoda, vijana wawili wakamshika mabega na kichwa, na mzee akavuta. Kama jino lilitoka zima, watu walishangilia. Kama lilivunjika, mzizi ulibaki ndani, na mgonjwa alirudi nyumbani na maumivu mapya juu ya yale ya zamani. Baadaye pengo lilijazwa chumvi au majivu. Malipo yalikuwa kuku, au ahadi ya kuku. Mzee huyo hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu mwenye praisi katika mahali ambapo hapakuwa na mwingine, na waliomwendea walikwenda kwa miguu yao wenyewe.

Yeye aliamini, kama sisi sote tulivyoamini, kwamba jino linaoza kwa sababu kuna mdudu ndani yake anayelitafuna. Nilipokuwa mwalimu nilisoma kwamba imani hiyo ilikuwapo Babeli maelfu ya miaka iliyopita, na kwamba Wazungu nao waliishika mpaka karne ya 18. Mfaransa Pierre Fauchard, aliyetoa kitabu kikubwa cha utabibu wa meno mwaka 1728, alikuwa miongoni mwa waliosema waziwazi kwamba hakumwona mdudu huyo. Leo tunajua kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho hula sukari tunayoiacha mdomoni, hutoa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayotoboa jino. Kwa hiyo wazee hawakuwa mbali sana na ukweli. Walikosea ukubwa wa mdudu tu.

Wala tusidhani kwamba kung'oa jino ni jambo lililoletwa Afrika na hospitali. Wajaluo wa zamani waliwang'oa vijana wao meno sita ya mbele ya chini ili wahesabiwe kuwa watu wazima. Wamasai walitoa mawili ya chini, na mojawapo ya sababu walizozitoa ni kwamba mtu akipatwa na pepopunda, taya likijifunga, angeweza kunyweshwa maziwa kupitia pengo hilo. Wamakonde hawakung'oa bali walichonga. Huko Ulaya nako, kwa karne nyingi, aliyeng'oa meno alikuwa kinyozi, au mtu wa sokoni aliyepiga ngoma ili mayowe ya mgonjwa yasisikike. Mzee wetu wa baiskeli alikuwa na jamaa wengi duniani bila kujua.

Tofauti kati ya praisi na koleo la daktari ni kubwa kuliko inavyoonekana. Jino halikupigiliwa kama msumari. Limening'inizwa ndani ya mfupa kwa nyuzi ndogo sana, na mfupa wenyewe una ulaini kidogo. Daktari havuti. Anasukuma koleo kuelekea chini ya ufizi, analishika jino shingoni, kisha analitikisa polepole huku na huku mpaka tundu lake linapanuka na zile nyuzi zinakatika. Kuvuta ni tendo la mwisho na dogo kuliko yote. Mwingereza John Tomes ndiye aliyetengeneza, katika miaka ya 1840, makoleo yenye midomo inayofuata umbo la shingo ya kila aina ya jino. Praisi haina mdomo wa namna hiyo. Hubana kichwa cha jino, na kichwa kilichooza huvunjika.

Mwaka 1982 baba yangu mdogo aliumwa gego la chini. Alikuwa mtu mwenye nguvu, mkulima hodari wa tumbaku, na alimwogopa mzee wa praisi kwa kuwa jino lake la awali lilivunjikia mdomoni. Akaweka karafuu. Karafuu kweli hutuliza, maana mafuta yake yana ganzi ya asili, lakini haiponyi kitu kilichoooza. Mama alimwambia, "Shemeji, nenda ukaombe kibali, ukaonwe Mpanda." Akajibu kwamba msimu wa kuvuna hauwezi kuachwa kwa ajili ya jino. Baada ya siku kadhaa shavu likavimba. Halafu uvimbe ukashuka chini ya kidevu, ukaenea pande zote mbili, shingo ikawa ngumu kama ubao. Ulimi ukainuliwa juu, akashindwa kumeza mate yake mwenyewe, na sauti yake ikabadilika, kana kwamba anazungumza akiwa na kiazi cha moto mdomoni. Alibebwa kwa machela hadi zahanati. Mganga wa pale alimwona mara moja, akampiga sindano, akasema apelekwe Mpanda bila kukawia. Alikata roho usiku ule, kabla gari halijapatikana. Aliacha watoto wanne.

Ugonjwa ule una jina. Ulielezwa mwaka 1836 na daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, na unaitwa kwa jina lake. Usaha wa jino la chini hupenya chini ya ulimi, ukaenea shingoni na kuziba njia ya hewa. Kabla ya kugunduliwa kwa dawa kama penisilini, uliua zaidi ya nusu ya waliopatwa nao. Siwezi kumlaumu mganga wa zahanati, wala sheria peke yake, wala umbali peke yake. Marehemu naye alikuwa na hofu yake. Vitu hivyo vyote vilikutana katika shimo dogo la gego moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye hakuficha. Alisema kila siku kwamba jino linauma, na kila siku kila mtu, na yeye mwenyewe pia, alisema ni jino tu.

Miaka minne baadaye gego langu mwenyewe lilipoanza kuuma sikungoja. Niliomba kibali siku ya pili, nikapata lori la mahindi siku ya nne, nikafika Mpanda nikiwa mweupe kwa vumbi. Hospitalini nilikaa benchi na watu wengine saba, wote wameshika mashavu, hakuna anayezungumza. Ilipofika zamu yangu, aliyenihudumia alikuwa kijana wa makamo yangu. Alinitazama mdomoni, akagonga meno kwa kijichuma, akasema, "Ndugu, hili limefika kwenye mzizi, haliwezi kuzibwa. Lakini hutasikia maumivu. Utasikia kusukumwa tu." Sikumwamini.

Alichoma sindano nyuma kabisa ya taya. Baada ya dakika chache mdomo wa chini upande ule ulikufa ganzi, nikahisi kana kwamba si wangu. Kisha akafanya kazi yake, na kweli nilisikia kusukumwa, nikasikia mlio kama wa tawi kavu, na jino likalia ndani ya bakuli.

Sindano hiyo ina safari ndefu kuliko yangu ya kutoka Mishamo. Mwaka 1844 daktari wa meno wa Marekani, Horace Wells, alijaribu kuvuta hewa ya kulevya ili ang'olewe jino lake mwenyewe bila maumivu. Mwaka 1846 mwenzake William Morton alionyesha mbele ya madaktari wa Boston kwamba etha inaweza kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji. Kwa hiyo waliofungua mlango wa upasuaji usio na maumivu, kwa kila mgonjwa duniani, walikuwa wang'oa meno. Mwaka 1884 Karl Koller wa Vienna aligundua kwamba kokeini hutia ganzi jicho, na muda mfupi baadaye Mmarekani William Halsted aliichoma kando ya mshipa wa fahamu wa taya. Kokeini ilikuwa na hatari zake, na Halsted mwenyewe ikamtawala. Mwaka 1905 Mjerumani Alfred Einhorn alitoa dawa iliyo salama zaidi, prokaini. Halafu mwaka 1943 Nils Löfgren wa Uswidi akatengeneza lignokaini, ambayo hadi leo ndiyo ganzi ya hospitali nyingi za Afrika Mashariki. Karibu miaka mia moja ya kazi, toka Wells hadi Löfgren, ilikuwa ndani ya kile kichupa kidogo. Kilichobaki ilikuwa ni kukifikisha mahali ambapo mgonjwa yupo, na hiyo, kwa mtu wa Mishamo, ndiyo sehemu iliyokuwa ngumu.

Yule kijana hakuniacha niondoke hivi hivi. Aliniwekea pamba juu ya pengo, akaniambia niiume kwa nguvu kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima, bila kuifungua kuangalia. Kisha akanihesabia makatazo kwa vidole. Leo usisukutue. Usiteme teme mate, yameze. Usivute sigara, usinyonye kitu kwa mrija, usinywe pombe, usile wala kunywa vitu vya moto. Usiweke majivu, wala tumbaku, wala kidole. Usiume mdomo wako ukiwa na ganzi. Lala kichwa kikiwa juu kidogo. Ukisikia maumivu meza parasetamoli, usimeze aspirini, maana huifanya damu isigande upesi. Kesho uanze kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, taratibu, hasa baada ya kula, na uendelee kupiga mswaki meno mengine kama kawaida.

Nilimwuliza kwa nini majivu hayafai, na wazee wetu wameyatumia miaka yote. Hakucheka. Alinieleza kwamba pengo likitoka damu, damu hiyo huganda na kuwa donge, na donge hilo ndilo bendeji ya mwili wenyewe. Hufunika mfupa, na chini yake nyama mpya huota. Ukisukutua mapema, ukinyonya au kuvuta moshi, donge linang'oka, na mfupa unabaki wazi. Siku ya tatu hivi, wakati ulipotazamia nafuu, yanaanza maumivu makali yanayopanda hadi sikioni, pamoja na harufu mbaya. Hali hiyo ya pengo kavu ilielezwa katika maandishi ya madaktari mwaka 1896, lakini nadhani watu wa kijiji chetu walikuwa wakiijua kwa miili yao bila kuwa na jina lake. Ikitokea, mgonjwa arudi hospitalini pengo lisafishwe na kuwekwa dawa. Arudi pia kama damu haikomi baada ya kuuma pamba upya, kama ana homa, kama uvimbe unazidi badala ya kupungua, kama hawezi kufungua mdomo, na upesi kuliko yote kama anashindwa kumeza au kupumua vizuri. Aliposema hayo ya mwisho nilimkumbuka baba mdogo, nikanyamaza.

Niliyashika maagizo yote. Nilikunywa uji uliopoa kwa siku mbili. Ufizi ulijifunga baada ya wiki mbili hivi, ingawa mfupa wa ndani huchukua miezi kujijaza. Nilirudi Mishamo na maagizo yale kichwani, na nikawa mwalimu wa maagizo hayo kwa yeyote aliyeng'olewa jino, hata na mzee wa praisi. Yeye mwenyewe aliyasikiliza kwa makini. Akaacha majivu, akaanza kuwapa wateja wake kitambaa kilichochemshwa wakiume.

Ipo habari nyingine ya kung'oa ambayo sina budi kuitaja, maana inahusu wasioweza kujisemea. Katika miaka ya 1980 ilienea katika sehemu nyingi za Tanzania imani juu ya meno ya nailoni, ambayo wengine huyaita meno ya plastiki. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, watu hutazama fizi zake, na wakiona uvimbe mweupe mahali pa chonge, husema hayo ndiyo meno mabaya yanayomwua. Basi fizi hupasuliwa kwa kitu chenye ncha na kinachotolewa ni chipukizi laini la jino la kweli, lililokuwa likingoja wakati wake. Huko Uganda jambo hili lipo kwa jina la ebinyo. Wataalamu wa Muhimbili waliliandikia katika miaka ya 1990, na ukweli wake ni rahisi: homa na kuhara vinatokana na magonjwa mengine, yanayotibika kwa maji ya chumvi na sukari na kwa dawa za zahanati. Kumpasua mtoto kunamwongezea kutokwa damu na hatari ya pepopunda. Ninaye ndugu aliyefanyiwa hivyo. Chonge zake za utotoni hazikuota kamwe, na za ukubwani ziliota zimepinda. Mama alifanya hivyo kwa mapenzi, katika wiki ambayo watoto wawili wa jirani walikuwa wamezikwa. Anayetaka kuikomesha desturi hii aanze kwa kuielewa hofu hiyo, la sivyo hatasikilizwa.

Je, nchi yetu ilifanya nini? Mengi zaidi ya yanayojulikana. Mafunzo ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Humo humo Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980, ndipo Mholanzi Jo Frencken na wenzake walipojaribu njia ya kuziba meno bila umeme na bila mashine ya kukereza: uozo unakwanguliwa kwa vyombo vya mkono, na tundu linajazwa saruji maalumu inayoshikamana na jino. Njia hiyo iliyotokana na shida ya vijiji visivyo na umeme ilitangazwa duniani na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, na mwaka 2021 saruji yake iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi. Nasikia fahari kila nikiwaza hayo. Gego langu la mwaka 1986 lingekutana na mkono huo mapema, pengine ningekuwa nalo bado. Na katika kambi za wakimbizi wa baadaye, kule Kigoma, wahudumu wa afya waliokuwa wenyewe wakimbizi walifundishwa kutia ganzi na kung'oa meno salama. Nilipoyasoma hayo nilifurahi, maana mgonjwa alipata mtu wa kumtibu pale pale kambini, asingojee karatasi wala lori.

Kisha likaja jambo kubwa kuliko meno. Mwaka 2007 serikali ya Tanzania iliwapa Warundi wa mwaka 1972 nafasi ya kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia. Wengi waliomba uraia, na mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yakakubaliwa. Vyeti vyenyewe vilichelewa, vikaanza kutolewa mwaka 2014. Watu huzungumza juu ya kura, juu ya ardhi, juu ya watoto kusoma. Yote ni ya kweli. Mimi nilipokishika cheti changu niliwaza pia kwamba sasa mtu wa Mishamo akiumwa jino usiku, asubuhi anaweza kuondoka kwenda Mpanda au Kigoma bila kumwomba mtu ruhusa. Umbali bado upo, na mfuko bado ni mdogo. Lakini kizuizi kimoja kati ya vile vilivyomwua baba mdogo kimeondoka.

Vilivyobaki viko mikononi mwetu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba karibu watu bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa, na sehemu kubwa ya magonjwa hayo yanazuilika. Kwetu vijijini meno yalikuwa imara kwa sababu sukari ilikuwa adimu. Sasa soda na biskuti zimefika hata mahali ambapo daktari wa meno hajafika. Mswaki wa mti ni mzuri ukitumika vizuri, na dawa yenye floridi inauzwa dukani kwa bei ya soda chache. Jino lililotoboka kidogo linazibika. Lililouma siku tatu lisingoje mavuno. Na shavu likivimba, mwenye jino asikubali kuambiwa kwamba ni jino tu, hata kama anayemwambia ni yeye mwenyewe.

Yule mzee wa praisi alifariki miaka mingi iliyopita, akiwa amezeeka sana na akiwa na meno yake karibu yote. Wanawe walirithi baiskeli, vipuri na shamba. Kazi ya meno hakuna aliyeirithi, na hakuna kijijini aliyeuliza nani ataifanya.